Intaneti yenye mipaka: kutoka Kairo hadi Petite Barrière

GOMA – Asubuhi ya tarehe 31 Desemba 2018, siku moja tu baada ya Wakongomani kupiga kura, simu za Goma, Bukavu, Kinshasa na Lubumbashi ziliamka bubu. Kupiga na kupokea iliwezekana. Lakini WhatsApp haikufunguka, Facebook haikufunguka, picha zilizotumwa usiku zilibaki zikizunguka bila kushuka. Wengi walidhani mega zimekwisha. Wakaongeza uniti, wakanunua mega zingine, na pesa ikaenda bure.

Wakaaji wa Goma walielewa mapema kuliko wengine, maana wao wanakaa mlangoni. Mwenye kadi ya SIM ya Rwanda alisogea upande wa Petite Barrière, akatafuta mahali ambapo minara ya Gisenyi inashika, na hapo ujumbe wote wa usiku ukamiminika kwa mara moja. Bukavu walifanya hivyo kando ya Ruzizi. Kinshasa, kando ya mto, watu walitafuta kadi za Brazzaville. Hatua mia chache, na dunia inarudi. Ukirudi nyumbani, dunia inazimika tena.

Intaneti, kitu ambacho watu walikuwa wameambiwa hakina mwenyewe wala mpaka, siku ile ilikuwa na mpaka uleule waliokubaliana Wabelgiji na Wajerumani mwaka 1910.

Namna jambo hilo lilivyofikia hapo ni historia ndefu kuliko uchaguzi mmoja, na haikuanzia Kongo. Familia nyingi ambazo leo zimetawanyika kati ya Goma, Minova, Beni, Bujumbura na Nakivale zinaishi ndani ya historia hiyo kila siku, hata kama hazina simu ya kioo.

Ahadi ya mwanzo

Mtandao uliozaa intaneti ulianza Marekani mwaka 1969, ukiitwa ARPANET, kwa pesa ya wizara ya ulinzi. Tarehe 1 Januari 1983 mashine zake zilihamia kwenye lugha moja ya kuongea, ambayo hadi leo inatumika duniani kote. Mwaka 1993 maabara ya CERN kule Uswisi ilitoa mfumo wa kurasa za wavuti kwa watu wote bila malipo. Walioamini kwamba hapo serikali hazitakuwa na la kusema walikuwa wengi. Mwaka 1996 Mmarekani John Perry Barlow, akiwa Davos, aliandika tangazo la kuziambia serikali za dunia kwamba uwanja huo si wao.

Nchi yetu iliingia humo ikiwa bado inaitwa Zaire. Anwani zake za intaneti ziliishia kwa .zr. Mwaka 1997 Mobutu alipoanguka na jina la nchi likabadilika, ikaja .cd, na ile ya zamani ikafutwa kabisa mwaka 2001. Ni jambo dogo, lakini linaonyesha kwamba hata wakati watu wanaimba kuhusu dunia isiyo na mipaka, anwani zenyewe zilikuwa zinafuata bendera.

Wakati nchi ilikatwa bila intaneti

Wazee hawahitaji kuelezwa maana ya mawasiliano kukatwa vipande. Kati ya 1998 na 2003 Kongo yenyewe ilikuwa vipande. Kinshasa ilikuwa na serikali yake, Goma ilikuwa chini ya RCD, Gbadolite chini ya MLC, na Beni na Butembo zilikuwa na wakubwa wao wengine. Kila upande ulikuwa na radio yake, na kila radio ilisema ukweli wa upande wake. Mtu wa Kisangani mwenye ndugu Kinshasa aliweza kukaa miaka bila kujua kama ndugu huyo bado anapumua.

Tarehe 25 Februari 2002, siku mazungumzo ya Wakongomani yalipofunguliwa Sun City kule Afrika ya Kusini, Radio Okapi ilianza kusikika. Iliundwa na MONUC pamoja na shirika la Uswisi, Fondation Hirondelle, na kazi yake ya kwanza ilikuwa hiyo hiyo: sauti moja isikike pande zote za mistari ya vita, kwa Kifaransa, Kiswahili, Lingala, Tshiluba na Kikongo. Kuna watu wanaokumbuka bado siku waliposikia kwa mara ya kwanza jina la mji wa upande wa pili likitajwa katika habari bila matusi.

Intaneti ya simu ilipofika miaka iliyofuata, ilionekana kama Okapi ya kila mtu, tena ya kuweka mfukoni. Ndiyo sababu kukatwa kwake kuliuma namna ile.

Walioonyesha njia

China iliunganishwa na intaneti mwaka 1994, na tangu mapema serikali yake iliamua kwamba kila kinachoingia kipite kwenye milango michache inayoweza kulindwa. Kurasa zisizotakiwa zinachujwa mlangoni. Mwezi wa saba mwaka 2009, baada ya fujo na mauaji katika mji wa Urumqi, jimbo lote la Xinjiang liliondolewa kwenye intaneti kwa miezi kama kumi. Facebook ikazuiwa katika China nzima, na hadi leo haijarudi. Wachina wengi wala hawailii, kwa sababu walijengewa mitandao yao, mikubwa na inayofanya kazi vizuri. Huo ni ukuta wa kudumu, uliojengwa kwa pesa nyingi na mafundi wengi.

Nchi maskini hazina ukuta wa namna hiyo. Zina swichi. Misri ilionyesha dunia swichi hiyo usiku wa kuamkia tarehe 28 Januari 2011, wakati umati ulikuwa unajiandaa kuandamana dhidi ya Hosni Mubarak. Namna inavyofanyika ni rahisi kueleza. Kila kampuni ya mawasiliano hutangazia zingine duniani: “anwani hizi ziko kwangu, anayezitafuta apite hapa.” Siku kampuni zikiamriwa kuondoa tangazo hilo, nchi inabaki mahali pake, nyaya zinabaki chini ya bahari, lakini hakuna tena anayejua njia ya kufika. Ndani ya muda mfupi karibu Misri yote ilitoweka. Ilirudi tarehe 2 Februari. Mubarak akaacha madaraka tarehe 11. Kukata hakukumwokoa, na kuna Wamisri waliosema kwamba walitoka barabarani siku zile kwa sababu hawakuweza kujua habari za watoto wao wakiwa wamekaa nyumbani.

Viongozi wengi wa Afrika waliitazama Misri mwaka ule. Somo waliloondoka nalo halikuwa kwamba swichi haifanyi kazi.

Barua ya waziri

Kongo ilianza na SMS. Uchaguzi wa tarehe 28 Novemba 2011 uliwagongana Joseph Kabila na Étienne Tshisekedi. Tarehe 3 Desemba, hesabu ya kura ikiwa haijaisha, serikali iliamuru SMS zisimamishwe, ikisema ni kwa ajili ya utulivu. Zilikaa hivyo zaidi ya wiki tatu. Katika malalamiko yote ya wakati ule, lililogusa zaidi lilikuwa la viziwi. Mtu anayesikia aliweza kupiga simu na kuuliza: barabara ya kwenu kuna risasi? Kiziwi alikuwa na SMS tu. Alikatiwa mdomo na sikio kwa amri moja, na hakuna ofisi iliyokuwa imemfikiria.

Mwezi wa kwanza 2015 ilikuja zamu ya intaneti yenyewe. Bunge lilikuwa na mswada wa sheria ya uchaguzi uliotaka watu wahesabiwe kwanza nchini kote kabla ya kupiga kura, na vijana waliona kwamba hiyo ni miaka ya kumwongezea rais. Maandamano yalianza tarehe 19 Januari, Kinshasa, Goma na Bukavu. Tarehe 20 intaneti na SMS zikafungwa. Mabenki yalilia, na yakarudishiwa yao baada ya siku chache. SMS na mitandao ya kijamii ya raia ilingoja hadi mwezi wa pili. Mpangilio huo wa nani anarudishiwa kwanza unafaa kukumbukwa. Mswada wenyewe ulirekebishwa, na sharti la kuhesabu watu likaondolewa.

Baada ya hapo ikawa mazoea. Desemba 2016, muhula wa Kabila ulipokuwa unakwisha tarehe 19, mitandao ya kijamii ilizuiwa kuanzia usiku wa tarehe 18. Agosti 2017 mamlaka ya mawasiliano, ARPTC, iliandikia kampuni ipunguzwe nguvu ya kupitisha picha kwenye mitandao. Huo ni ujanja wa kisasa zaidi: mtandao upo, lakini video ya polisi wanaopiga watu haipandi. Tarehe 30 Desemba 2017 waziri Emery Okundji aliagiza intaneti na SMS zikatwe kuanzia saa kumi na mbili jioni, kwa sababu kesho yake Wakatoliki walei wa CLC walikuwa wameita maandamano. Mabomu ya machozi yaliingia hadi makanisani, watu waliuawa, na picha zilitoka kwa kuchelewa. Januari na Februari 2018, maandamano mengine, makato mengine.

Yote haya yalikuwa na karatasi yake. Sheria ya mawasiliano ya tarehe 16 Oktoba 2002, katika kifungu cha 46, iliipa serikali uwezo wa kukataza matumizi ya mitambo, yote au sehemu, kwa muda inaoutaka yenyewe, kwa sababu ya usalama wa raia au ulinzi wa nchi. Waziri anaandika barua, kampuni inatii, la sivyo leseni iko hatarini. Hakimu hayumo katika safari hiyo. Sheria hiyo ilibadilishwa na nyingine ya tarehe 25 Novemba 2020, na Machi 2023 ikaja sheria ya dijitali. Barua ya waziri bado inaweza kuandikwa.

Siku ishirini

Kato la 31 Desemba 2018 ndilo refu na ndilo lililoacha alama. Mshauri wa rais, Barnabé Kikaya bin Karubi, alieleza kwamba lengo lilikuwa kuzuia matokeo ya uongo yasienezwe kabla ya CENI kutangaza. Hoja hiyo isitupwe hivi hivi. Watu wa Maziwa Makuu wanajua radio RTLM ilifanya nini Rwanda mwaka 1994, na kila mtu Kivu amewahi kupokea picha ya maiti za nchi nyingine ikiandikwa kwamba ni za hapa, za jana, na kabila fulani ndilo lililoua. Uvumi unaua kweli.

Lakini siku zile ishirini uvumi haukupungua. Uliacha simu ukaingia kwenye mototaxi, sokoni, kwenye foleni za maji. Kanisa Katoliki lilikuwa na watazamaji karibu 40.000 katika vituo vya kura, na tarehe 3 Januari maaskofu wakasema wanamjua mshindi bila kumtaja. Nani alikuwa na njia ya kulinganisha? Matangazo ya RFI yalikatwa kwenye FM, na mwandishi wake Florence Morice akanyang'anywa ruhusa ya kazi. Tarehe 10 Januari CENI ikamtangaza Félix Tshisekedi. Intaneti ilirudi wakati Mahakama ya Katiba inathibitisha matokeo hayo, usiku wa tarehe 19 kuamkia 20. Mlango ulifunguliwa baada ya jambo kwisha.

Kwa Beni na Butembo maumivu yalikuwa mara mbili. Uchaguzi wao ulikuwa umeahirishwa hadi mwezi wa tatu, kwa sababu iliyotajwa ya Ebola na usalama. Watu wa Beni wakajipangia kura yao ya kuonyesha kwamba foleni inawezekana. Ebola ilikuwa kweli inaua, na waganga waliohitaji kujua leo kuna mgonjwa mtaa gani walitegemea simu zilezile. Hakuna aliyeweza kusema kwamba WhatsApp ya nesi inaleta fujo, lakini swichi haichagui kati ya nesi na mchochezi.

Majirani nao hawakulala. Burundi ilizuia mitandao ya kijamii Aprili 2015. Uganda ilizima intaneti yote jioni ya kuamkia uchaguzi wa tarehe 14 Januari 2021, na kabla ya hapo, mwaka 2018, ilikuwa imetoza shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetaka kuingia WhatsApp au Facebook. Tanzania ilikata siku ya uchaguzi wa tarehe 29 Oktoba 2025. Kongo, kwa upande wake, ilipita uchaguzi wa Desemba 2023 bila kuzima nchi nzima. Hilo lisemwe pia.

Wakubwa wagawana

Hapo mwanzo wa miaka ya 2020 hata nchi zilizokuwa zikilaumu zilianza kujenga uzio. India ilifungia TikTok na programu zingine za Kichina mwezi wa sita 2020, baada ya askari wake kuuawa mpakani. Urusi ilipitisha mwaka 2019 sheria ya kuwezesha intaneti yake kusimama peke yake, na Machi 2022, vita vya Ukraine vilipoanza, ikazifungia Facebook na Instagram. Umoja wa Ulaya nao ukafungia RT na Sputnik mwezi huohuo. Kila mmoja ana sababu yake na zingine ni nzuri. Matokeo ni kwamba leo, ukiwa Moscow, Shanghai au Paris, ukitafuta habari ya vita vilevile unaletewa vita vitatu tofauti.

Wakongomani wanaingia katika mgawanyo huo bila kuulizwa, hasa wa mashariki. Kebo kubwa ya bahari ya WACS ilizinduliwa Muanda mwaka 2013. Lakini kutoka Muanda hadi Goma ni mbali kuliko kutoka Goma hadi bandari ya Mombasa au Dar es Salaam, na kwa hiyo intaneti ya Kivu kwa sehemu kubwa hupitia kwa majirani, kwenye kebo za Bahari ya Hindi zilizofika kuanzia 2009. Mtu wa Goma akimtumia picha ndugu yake wa Kinshasa, picha hiyo inaweza kutoka nje ya nchi, ikazunguka bara, ndipo irudi Kongo. Wakati uhusiano na jirani unavunjika, waya haujui, ila wenye waya wanajua.

Tangu Januari 2025

Wakati mapigano yalipofika ndani ya Goma mwishoni mwa Januari 2025 na mji ukaingia mikononi mwa AFC/M23, umeme na maji vilikatika, na intaneti ikakatika navyo kwa siku kadhaa. Karibu wakati huohuo X na TikTok zilizuiwa nchini. Mwezi wa pili kambi za kandokando ya mji, Bulengo, Lushagala na zingine, zilivunjwa, na watu maelfu kwa maelfu wakaambiwa warudi walikotoka. Mabenki yakafungwa. Pesa ikabaki kwenye simu.

Hapa ndipo historia hii yote inashuka hadi kwenye sahani. Kutuma pesa kwa kubonyeza nyota na namba hakuhitaji intaneti, lakini kunahitaji mnara wenye umeme, na uthibitisho wake huja kwa SMS. SMS ikikosekana, wakala na mteja wanabaki wakitazamana. Mama aliyerudi Masisi, mume akiwa amekimbilia Beni, na mtoto mkubwa yuko Kampala, anategemea mitandao mitatu, serikali mbili na uongozi wa waasi ili kilo moja ya unga inunuliwe. Mmoja kati ya hao akibonyeza swichi, yeye ndiye wa kwanza kuhisi, na hakuna benki itakayolia kwa niaba yake.

Jimbo la Tigray kule Ethiopia linaonyesha hali hiyo inaweza kufika wapi. Vita vilipoanza Novemba 2020, simu na intaneti vilikatwa, na kwa karibu miaka miwili sehemu kubwa ya jimbo haikuwa na mawasiliano. Watu wa Tigray walioko ng'ambo walipata habari ya kifo cha mzazi mwaka mzima baada ya mazishi.

Katika muda huo wote kilichoendelea kuvuka mistari, Ethiopia kama Kongo, ni kitu cha zamani kuliko ARPANET. Ujumbe wa Msalaba Mwekundu ni karatasi moja. Juu unaandika jina lako na la unayemtafuta, jina la baba na la mama, kijiji na mahali mlipoonana mara ya mwisho. Chini unaandika habari za familia tu: nani yuko hai, nani amezaa, nani amefariki, watoto wako wapi. Siasa hairuhusiwi, wala mambo ya askari. Karatasi haifungwi, ili mtu yeyote kwenye kizuizi aweze kuisoma na kuiacha ipite. Wafanyakazi wa kujitolea huibeba kwa mguu, kwa pikipiki, kwa mtumbwi. Hailipiwi. Jibu linaweza kuchukua wiki, linaweza kuchukua miezi.

Wanaotafuta watu wao huulizwa kwanza namba ya simu. Wengi hawaikumbuki, kwa sababu ilikuwa ndani ya simu, na simu ilichukuliwa njiani. Kwa hiyo katika familia nyingi zilizohama zaidi ya mara moja, watoto sasa wanafundishwa namba mbili au tatu kwa kichwa, kama wimbo, moja ya Kongo na moja ya upande wa pili wa mpaka.